Karabini ya bei rahisi: kazi iliyoachwa na kiwanda inabakia kwa mwenye kuinunua

Kwetu mashariki mwa Congo, mtu akisikia neno bunduki anafikiri vita, barabara zilizofungwa na watu wanaokimbia na magodoro kichwani. Huko New Zealand, inchi ya visiwa katika bahari ya Pasifiki, mkulima akisikia neno hilo anafikiri kwanza sungura. Na bunduki ambayo wengi wao wameiweka ndani ya kabati lenye kufuli ni karabini ndogo ya 22, mara nyingi ya bei rahisi, iliyotoka inchi za mbali.

Ni ya bei rahisi, ndiyo. Je, ni mbaya? Jibu si fupi. Na kuna sehemu moja ya karabini hiyo ambayo mwenye kuigusa bila ujuzi anaweza kuua mtu wa nyumbani mwake.

Sungura kumi, kondoo mmoja

Sungura waliletwa New Zealand na Wazungu katika miaka ya 1830. Hawakukuta wanyama wa kutosha wa kuwala, wakazaana. Kufikia miaka ya 1870 walikuwa wameharibu malisho ya upande wa kusini, na mwaka wa 1876 serikali ilitunga sheria ya kupambana nao. Mpaka leo wakulima wanahesabu kwamba sungura kumi wanakula majani karibu sawa na kondoo mmoja. Sumu imetumiwa, mitego imetumiwa, na mwaka wa 1997 ugonjwa wa virusi vya sungura uliingizwa mashambani bila ruhusa ya serikali. Sungura bado wapo.

Ndiyo maana jioni mkulima anachukua karabini ya 22. Mtutu wake una upana wa karibu milimeta 5.6. Risasi yake, inayoitwa 22 Long Rifle, ilianza kutengenezwa Marekani mwaka wa 1887. Kichwa cha risasi hiyo kina uzito wa karibu gramu 2.6 tu. Sauti yake si kubwa, haipigi bega, na bei yake ni ndogo kuliko ya risasi nyingine karibu zote.

Risasi hiyo ina jambo moja la pekee. Dawa ya kuwashia baruti haiko katikati ya kitako cha ganda kama kwa risasi za vita. Imetandazwa ndani ya ukingo wake. Pini ya karabini inaponda ukingo huo, dawa inawaka, baruti inalipuka. Kwa sababu ukingo umekwisha kupondwa, ganda halijazwi tena, linatupwa.

Lakini udogo wake usidanganye mtu. Risasi ya 22 inaweza kwenda zaidi ya kilometa moja, na inaua.

Mwigo wa kazi ya Wacheki

Kati ya karabini za bei rahisi zilizoingia New Zealand, moja inayojulikana sana ni JW-15, inayouzwa na Norinco, shirika la serikali ya China. Wachina hawakuanza kwa kubahatisha. Waliiga karabini ya kiwanda cha Brno, huko Chekoslovakia ya zamani, iliyotokana na kazi ya ndugu wawili mafundi, Josef na František Koucký, katika miaka ya baada ya Vita Kuu ya Pili. Karabini hiyo ya Brno ilikuwa rahisi na imara: komeo linalovutwa kwa mkono, magazini ya risasi tano, kitako cha mbao. Uzao wake uliendelea kutengenezwa na kampuni ya CZ kwa miaka mingi.

Marekani pia ilizijua karabini za China, lakini mwaka wa 1994 rais Bill Clinton alipiga marufuku kuingiza bunduki na risasi kutoka inchi hiyo. New Zealand haikufuata njia hiyo, kwa hiyo JW-15 ziliendelea kufika kwa wakulima na kwa vijana wanaojifunza kulenga.

Bei ilipunguzwa wapi?

Mtu anayeshika JW-15 mara ya kwanza, kisha akashika CZ, anaona tofauti kwa vidole. Mbao ya karabini ya Kichina mara nyingi ni laini na imepakwa rangi tu. Vichwa vya skrubu vinaharibika upesi. Komeo linakwaruza kwa sababu alama za mashine hazikusuguliwa. Kifyatulio ni kizito na kinakwama-kwama: unavuta, kinasimama, unavuta tena, na wakati huo shabaha imekwisha kuhama.

Lakini mtutu ni habari nyingine. Kutoboa mtutu na kuchora mifereji inayozungusha risasi ni kazi ya mashine, na mashine haifupishi kazi kwa sababu bidhaa ni ya bei rahisi. Ndiyo sababu JW-15 nyingine, ikipewa risasi inayoipenda, inaweka risasi tano kwa meta 50 ndani ya duara ambalo kifuniko cha chupa ya soda kinaweza kulifunika. Nyingine, iliyotoka katika sanduku lile lile, inatawanya.

Kwa hiyo kilichopunguzwa zaidi ni saa za fundi: kusugua, kulinganisha chuma na mbao, kukagua kila bunduki moja moja. Mnunuzi hakulipa saa hizo. Akitaka matokeo mazuri, atazilipa kwa mikono yake mwenyewe.

Yale ambayo mwenye karabini anaweza kufanya

Kabla ya lolote: magazini inatolewa, komeo linafunguliwa, chumba cha risasi kinaangaliwa kwa macho na kwa kidole. Risasi zote zinawekwa katika chumba kingine cha nyumba.

Kazi ya kwanza ni kuosha. Karabini zinazosafiri baharini zinapakwa grisi nzito zisishike kutu. Grisi hiyo ikibakia ndani ya komeo, inapunguza mwendo wa pini, hasa wakati wa baridi, na pini inagonga ukingo bila nguvu ya kutosha. Wengi wanalaumu risasi, kumbe ni grisi. Kitambaa, mafuta ya taa na subira vinatosha. Fimbo ya kusafishia ipitishwe kutoka nyuma, upande wa komeo, kila inapowezekana. Mdomo wa mtutu ndio sehemu ya mwisho kugusa risasi. Ukikwaruzwa upande mmoja, kila risasi itapinda.

Ya pili ni skrubu zinazoshika chuma kwenye mbao. Skrubu moja ikilegea, karabini nzuri inakuwa kama imelewa. Zikazwe sawasawa, kwa bisibisi inayoingia vizuri, bila kutumia nguvu za kuvunja mbao.

Ya tatu ni mbao yenyewe. Chukua karatasi, ipitishe kati ya mtutu na mbao kutoka mbele kwenda nyuma. Ikikwama, mbao inasukuma mtutu, na siku ya mvua itausukuma zaidi kwa sababu mbao inavimba. Mahali hapo panasuguliwa kidogo kidogo kwa msasa, kisha panapakwa vanishi maji yasiingie.

Ya ine, na ndiyo yenye faida kubwa kuliko zote, ni kujaribu risasi. Kila mtutu una risasi inayoupatana. Mwenye karabini ananunua paketi ndogo za aina tano au sita, anapiga tano tano kwa meta 50 akiwa amelaza bunduki juu ya mfuko wa mchanga, na anaandika matokeo. Mara nyingi tofauti inayotokana na risasi ni kubwa kuliko ile inayotokana na kazi yote ya msasa.

Na kama risasi haikulia, mdomo wa karabini ubaki upande salama kwa nusu dakika hivi kabla ya kufungua komeo. Baruti inaweza kuchelewa kuwaka.

Mahali pa kusimamisha tupa

Kifyatulio kizito ndicho kinachochukiza watu zaidi, na hapo ndipo wengi wanapoharibu. Ndani yake kuna vipande viwili vya chuma vinavyoshikana kwa ukingo mwembamba sana. Ukingo huo ndio peke yake unaozuia pini isiruke. Mara nyingi chuma hicho kimefanywa kigumu juu tu, kama ganda la yai; ndani ni laini. Mtu akikipitisha tupa, kifyatulio kinakuwa chepesi na kitamu siku ile. Lakini amekwisha kuondoa ganda gumu. Chuma laini kinalika kila anapopiga, bila yeye kuona, mpaka siku ambayo karabini inaangushwa, au komeo linafungwa kwa nguvu, na risasi inatoka bila kidole kugusa chochote.

Tena, kifungo cha usalama hakimwokoi. Katika bunduki nyingi kifungo hicho kinazuia kifyatulio tu, hakiishiki pini. Ukingo ukiteleza, pini itaruka hata kifungo kikiwa kimefungwa.

Viwanda vinajua hatari hii. Kampuni ya Savage ya Marekani ilileta mwaka wa 2002 kifyatulio chenye kisu kidogo katikati: mwenye bunduki anaweza kupunguza uzito wake, lakini kidole kisipobonyeza kisu hicho, pini inazuiwa isiruke. Wepesi uliongezewa kizuizi kingine. Tupa ya nyumbani inaleta wepesi peke yake.

Kwa hiyo yule anayetaka kifyatulio kizuri ana njia mbili salama: kununua kilichotengenezwa kwa ajili ya karabini yake na kukiweka kwa fundi wa bunduki anayetambuliwa, au kukiacha kilivyo. Kupiga risasi mia chache peke yake kunalainisha kidogo yale yaliyokuwa yanakwaruza.

Sheria haijali bei

New Zealand hairuhusu mtu yeyote tu kuwa na karabini, hata ya bei rahisi. Leseni ni lazima. Baada ya mauaji ya Christchurch ya tarehe 15 Machi 2019, ambapo watu 51 waliuawa ndani ya misikiti, serikali ilipiga marufuku bunduki nyingi zinazojijaza zenyewe, na tangu Juni 2023 kuna daftari la kuandikisha silaha zote za wenye leseni. Kanuni ya kwanza wanayofundishwa ni kuhesabu kila bunduki kuwa ina risasi ndani.

Hapa DRC pia sheria ya mwaka wa 1985 juu ya silaha inadai ruhusa kwa raia anayetaka kuwa na bunduki. Na mafundi wetu wanaotengeneza au kurekebisha bunduki za kuwindia vijijini wanashika tupa ile ile. Wakati mwindaji anapowaomba wafanye kifyatulio kiwe chepesi, jibu zuri kuliko yote ni kukataa.