Kabureta ya Honda ya Zamani: Isafisheni Kabla ya Kununua Nyingine

Msimu mmoja tulikwama kilimani na gunia la karafuu kavu nyuma, wingu la mvua limekwisha funga, na kituo cha kununulia bado kiko mbali. Pikipiki yetu ni Honda CG125, aina iliyoanza kutengenezwa katikati ya miaka ya 1970, na siku hiyo haikukubali kwenda ila kwa choki. Fundi tuliyemwendea alisema kabureta imekufa, inunuliwe mpya. Tukatoa fedha. Wiki tatu baadaye ugonjwa ulirudi vile vile, kwani uchafu ulikuwa katika tangi. Kabureta ya kale tuliisafisha wenyewe, na ndiyo iliyofungwa hata leo.

Kwa hivyo twawaomba wanachama wenye pikipiki za namna hii wasikilize kidogo.

Kwanza msishike spana. Pikipiki ikienda kitambo ikazima, na mkingoja kidogo ikawaka tena, fungueni kifuniko cha tangi. Mkisikia hewa ikivutwa ndani, kitundu cha kifuniko kimeziba, na kabureta haina kosa. Kama sivyo, fungeni koki ya petroli, legezeni skrubu iliyo chini ya kikombe cha kabureta, mkinge kwa chupa kavu ya kioo. Iacheni itulie. Maji ni mazito kuliko petroli, basi yatajionyesha chini, pamoja na kutu ya tangi. Mkiyaona, safisheni tangi na chujio kwanza, la sivyo mtarudia kazi kama sisi. Haya yote yafanywe nje, mchana, mbali na jiko na mbali na sigara ya jirani anayekuja kutazama.

Mkiishusha kabureta, ikazeni polepole ile skrubu ndogo ya mchanganyiko mpaka iguse, mkihesabu mizunguko, na idadi hiyo iandikwe. Msitumie nguvu, ncha yake huharibika. Tazameni pia klipu ya sindano imekaa pengo la ngapi kutoka juu. Pete za mpira zitoeni kabla ya kutia dawa yoyote ya kusafishia, kwani dawa huzivimbisha.

Taabu kubwa iko katika jeti ya mwendo wa pole. Pikipiki ikilala bandani miezi mingi baina ya misimu, petroli hukauka ikaacha ute kama gundi, na tundu la jeti hii ni dogo hata ute kidogo hulitosha. Wengi huzibua kwa waya. Sisi pia tulifanya hivyo zamani, tukajuta: jeti ni ya shaba laini, waya hulipanua tundu, na tangu hapo injini hunywa petroli kupita kiasi wala hakuna skrubu ya kuliponya hilo. Tumieni uzi mwembamba wa nailoni wa mshipi wa kuvulia, kisha pampu ya baiskeli. Msipulize kwa mdomo, mate ni maji. Ielekezeni jeti kwenye mwanga: tundu lionekane duara safi.

Kama petroli ilikuwa ikidondoka kwa mpira wa chini, tazameni ncha ya sindano ya boya. Ikiwa imelika, hiyo ndiyo ya kununua, na bei yake ni ndogo mno kuliko ya kabureta nzima.

Mkiisha kufunga, rudisheni skrubu ya mchanganyiko kwa idadi mliyoiandika. Endesheni mpaka injini ipate moto barabara, ndipo mrekebishe. Zungusheni robo, ngojeni kidogo, sikilizeni. Tafuteni mahali injini inapozunguka kwa kasi na utulivu zaidi, kisha punguzeni mwendo kwa skrubu kubwa ya pembeni. Baada ya safari ya siku, toeni plagi. Rangi ya kahawia ni njema. Nyeusi yenye masizi maana yake petroli imezidi au chujio la hewa limejaa vumbi. Nyeupe maana yake petroli haitoshi, na injini itaungua.

Mwisho, injini ikiwa yawaka, pindeni usukani kulia na kushoto. Mwendo ukipanda wenyewe, waya wa mafuta umekazwa mno. Ulegezeni kabla ya kupakia gunia.