Santuri kuukuu za Kisii na Nyamira ni hazina isiyo na nakala

KWA asiyejua, santuri kuukuu iliyopoteza jalada lake ni takataka ya kuungana na vyuma chakavu. Kwa mkusanyaji, huenda hiyo ndiyo nakala pekee iliyosalia ya wimbo fulani. Maneno hayo hayajatiwa chumvi. Sababu yake imo katika namna muziki wa magharibi mwa Kenya ulivyorekodiwa na kuuzwa miaka ya 1970 na 1980.

Wakusanyaji wa Ulaya na Marekani huuenzi sana muziki huru, yaani ule unaotolewa na wasanii au wafanyabiashara wadogo wasiomilikiwa na kampuni kubwa. Mfano wanaopenda kuutaja ni wa bendi ya Buzzcocks kutoka eneo la Manchester, Uingereza, ambayo Januari 1977 ilitoa santuri yake ya kwanza kwa fedha za kukopa, chini ya lebo yake yenyewe. Tendo hilo lilihesabiwa kuwa uasi.

Nchini Kenya, jambo hilo lilikuwa desturi. Kampuni kubwa kama EMI, CBS na Polygram zilifika Nairobi, lakini nyimbo nyingi za lugha za mama zilipitia mikononi mwa watayarishaji wadogo. Wengi wao walikuwa na maduka katika barabara ya River Road na mitaa iliyo jirani. Huko Kericho, kaunti inayopakana na Nyamira, duka la Chandarana lilirekodi wanamuziki wa eneo zima. Phares Oluoch Kanindo naye alieneza benga hadi Zimbabwe, ambako mtindo huo uliitwa kwa jina lake, kanindo.

Benga ilizaliwa Nyanza miongoni mwa Waluo, na gitaa lake huiga mdundo wa nyatiti. Abagusii waliupokea mtindo huo wakiwa na ala yao, obokano, zeze kubwa la nyuzi nane lenye sauti nzito. Waimbaji kama Christopher Monyoncho waliifanya benga kuwa sauti ya Ekegusii. Santuri nyingi za enzi hizo hutajwa tu kuwa za Kisii, hata kama mwimbaji alitoka eneo ambalo leo ni Nyamira, kwa kuwa Nyamira ilikuwa bado sehemu ya wilaya ya Kisii.

Nyimbo hizo zilitolewa kwa santuri ndogo za inchi 7, zinazozunguka mara 45 kwa dakika. Kila upande ulibeba dakika chache tu, hivyo wimbo mrefu uligawanywa mara mbili. Mara nyingi upande wa kwanza ulikuwa na mashairi, na wa pili ukawaachia wapiga magitaa uwanja. Anayehifadhi upande mmoja tu amehifadhi nusu ya wimbo.

Udhaifu wa biashara hiyo ulikuwa kumbukumbu. Mtayarishaji mdogo hakuwa na ghala wala makavazi. Kanda ya studio ilipoharibika, au duka lilipofungwa, hapakuwa na pengine pa kuchukua sauti ile. Kisha kaseti zikaja, zikanakiliwa kiholela, na soko la santuri likaporomoka. Ndiyo maana santuri iliyo mikononi mwa mnunuzi wa kawaida imegeuka kuwa chanzo.

Wageni wamelitambua hilo. Mwaka 2013, kampuni ya Soundway ya Uingereza ilitoa mkusanyo wa Kenya Special, wenye nyimbo za miaka ya 1970 na 1980, nyingi zikiwa hazijawahi kusikika nje ya Afrika Mashariki. Jijini Nairobi, kibanda cha Jimmy Rugami katika soko la Kenyatta kimekuwa kituo cha wapenzi wa santuri.

Hapa ndipo familia za wanamuziki zinapaswa kuwa macho. Kwa mujibu wa Sheria ya Hakimiliki ya mwaka 2001, haki katika rekodi ya sauti hudumu miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka iliporekodiwa. Haki ya mtunzi hudumu maisha yake yote na miaka 50 baada ya mwisho wa mwaka aliofariki. Hivyo wimbo uliorekodiwa mwaka 1974 umepoteza ulinzi wa rekodi tangu mwisho wa 2024. Hata hivyo, ikiwa mtunzi wake alifariki mwaka 2010, utunzi unalindwa hadi mwisho wa 2060. Anayetaka kuutoa upya wimbo huo bado anawajibika kwa warithi.

Ushahidi wa madai hayo mara nyingi umo kwenye santuri yenyewe. Karatasi ya katikati hutaja mwimbaji, mtunzi na lebo, na namba ya toleo huchongwa kando yake. Aliye nayo na aipige picha pande zote mbili kabla ya kuiuza au kuiazima.

Kuitunza si kazi kubwa. Isimamishwe wima, mbali na jua na bati lenye joto. Kwa kuwa mvua za Kisii huleta ukungu, ikae pakavu. Ifutwe kwa kitambaa laini chenye maji safi kidogo, bila kulowesha karatasi ya katikati. Isichezwe kwa sindano iliyochakaa, kwani sindano hiyo hukwangua mifereji yenye sauti, na mfereji uliokwanguliwa haurekebishiki.