Anguko la Mwalimu Lisipuuzwe

Mwalimu mwenzangu hapa Hadado, ambaye ana kifaa cha kurekebisha mapigo ya moyo kifuani, alijikwaa mlangoni pa darasa akaangukia bega. Wanafunzi walipiga yowe kwamba kifaa kimevunjika. Yeye alijipangusa vumbi, akacheka, akaendelea kufundisha. Kwa maoni yangu, wote walikosea.

Kifaa hicho si yai. Betri na mitambo yake imo ndani ya gamba gumu la titani, chini ya ngozi, karibu na mtulinga. Ni nadra pigo la kiwiko au la mpira kukidhuru. Penye udhaifu ni waya upelekao umeme moyoni. Pigo kali laweza kuukata au kuung'oa, hasa katika majuma ya kwanza baada ya upasuaji, kabla haujashika barabara.

Tena aangukaye hana budi kujiuliza: je, nilijikwaa, au nilishikwa na kizunguzungu ndipo nikaanguka? Huenda kifaa ndicho kilichoshindwa kazi. Kizunguzungu, kuzirai au uvimbe kifuani ni mambo ya hospitali.

Arne Larsson, aliyepandikizwa kifaa cha kwanza mjini Stockholm mwaka 1958, alibadilishiwa vifaa zaidi ya 20, akaishi hadi 2001. Hitilafu haikumuua kwa sababu haikupuuzwa.

Nilimsihi mwenzangu siku tatu ndipo akapanda gari la kwenda Wajir kupimwa. Walimu na wanafunzi, tusimtenge mwenye kifaa, wala tusimwache ajipanguse vumbi tu. Usipoziba ufa, utajenga ukuta.