Ng'ombe Wanaolia Chini ya Ziwa Chala

Ukiteremka kutoka vihamba vya Mwika, kwenye miteremko ya Kilimanjaro, kuelekea mashariki, migomba na kahawa hubaki nyuma na nchi huwa kavu, yenye miiba. Ziwa Chala halionekani kwa mbali. Unapanda kilima cha kawaida, mara ardhi inakatika miguuni pako. Chini kabisa, kiasi cha mita 100, maji ya buluu iliyokolea yamezungushiwa kuta za mawe pande zote. Mpaka wa Tanzania na Kenya unapita humo humo majini.

Wenyeji husimulia kwamba hapo palikuwa na boma la Wamasai. Siku moja ardhi ikapasuka, boma likazama na watu na mifugo yake. Jioni ukitega sikio, wanasema, utasikia ng'ombe wakilia na jogoo wakiwika chini ya maji. Hadithi hii ina umri: wasafiri wa Kizungu wa karne ya 19 waliikuta midomoni mwa watu. Mmisionari Charles New alifika Chala mwaka 1871, mwaka ule ule alioifikia theluji ya Kilimanjaro.

Mwaka 2016 watafiti walitia keekee katika sakafu ya ziwa, wakatoa tope la zaidi ya mita 200 kwenda chini. Tope hilo lina mistari mingi, myembamba kama ukucha: mweupe ni wa majira ya upepo, mwani wenye magamba kama kioo unapokufa na kuzama, mweusi ni wa majira ya mvua. Kwa jumla, tope hilo linarudi nyuma karibu miaka 250,000. Ng'ombe walifika Afrika Mashariki maelfu machache tu ya miaka iliyopita. Walilikuta ziwa lipo.

Maji yenyewe hutoka kwetu mlimani. Mvua ya msitu wa Kilimanjaro hupenya kwenye miamba ya volkano, ikasafiri chini kwa chini hadi Chala.

Hofu ya wazee juu ya ziwa hili, hata hivyo, ina sababu. Kuta ni za kuteleza, kina kinakaribia mita 90, na mwaka 2002 mamba alimuua msichana Mwingereza aliyekuwa akiogelea.

Na vile vilio? Simama ukingoni mifugo inaporudi nyumbani. Labda ng'ombe mmoja akilia juu ya kilima, sauti yake hutua majini, hugonga ukuta wa ng'ambo, kisha hukurudia kutoka chini.