Machungwa yanaoza mu gunia: kuvu inaingilia kwenye kidonda



Munavuna, munashona gunia, munapakia. Siku ya tatu ao ya ine mnunuzi anafungua gunia, anakuta unga wa kijani. Anapunguza bei ya gunia nzima, ao anakatala yote. Minervali ya mtoto imepotea hapo. Wengi wanasema: «Ni joto ya njiani.» Joto inaharakisha tu. Ugonjwa ulianza siku ya mavuno.

Kuvu ni ya namna gani?

Kuvu ya kijani inaanza na doa laini. Kisha doa linakuwa jeupe, na katikati unatokea unga wa kijani. Ule unga ni mbegu zake; zinaruka na upepo, zinakaa juu ya matunda, mikono na magunia. Lakini haiwezi kupasua ngozi iliyo nzima. Inangojea kidonda: alama ya kucha, mwiba, ao kikonyo kilichongolewa.

Kuvu ya bluu nayo inaingilia kwenye kidonda, lakini inaweza pia kupita toka tunda bovu mpaka jirani lililo zima. Iko na uozo wa tatu, wenye harufu ya kuchacha: chungwa linakuwa kama uji. Huo unakaa mu udongo, na nzi wanausambaza.

Tufanye nini?

1. Mbele ya kuvuna, okoteni matunda mabovu chini ya miti, muyazike mbali na shamba.

2. Musivune wakati wa umande ao mara tu mvua inapokatika. Ngozi iliyojaa maji inaumia upesi.

3. Kateni kucha. Musitikise mti, musivute tunda. Kateni kikonyo na sekateri, kifupi kabisa, kisitoboe tunda lingine.

4. Lililoanguka chini lisichanganyike na mengine. Liliwe ao liuzwe karibu, siku ile ile.

5. Tumieni masanduku, si magunia, maana mu gunia matunda ya chini yanabanwa. Osheni masanduku na maji ya javel, muyakaushe kwenye jua.

6. Mu depo, chagueni matunda kila siku. Bovu linatolewa polepole, unga usiruke, na halibaki mlangoni.

Na dawa?

Bikarbonati ya mkate inasaidia: gramu 300 mu litri 10 za maji safi. Loweka matunda dakika 2 ao 3, suuza kidogo, kausha kivulini mbele ya kupanga. Maji yakichafuka, mubadilishe. Lakini haiponyeshi tunda lililokwisha kuoza, na haifuti kazi ya sekateri.

Musiniamini bure. Wekeni masanduku mawili mu depo: moja la matunda yaliyovutwa, lingine la yaliyokatwa. Nyuma ya juma moja muhesabu mabovu ya kila sanduku, mulete hesabu kwenye mkutano.