Heri programu inayokiri kutojua

Kila mwalimu anajua kwamba katika daftari la alama nafasi tupu si sufuri. Aliyepata sufuri alifanya mtihani akashindwa. Mwenye nafasi tupu huenda aliugua, au karatasi yake haijasahihishwa. Nami, niliyewakaripia wengi kwa kuchanganya mambo hayo mawili, niliandika programu iliyoyachanganya kila baada ya dakika 5 kwa muda wa wiki tatu.

Taasisi niliyokuwa nikifundisha mjini Lamu iliweka alama, karo na orodha za wanafunzi katika seva ya hifadhidata ya PostgreSQL. Nakala ya pili ilikaa Faza, kisiwani Pate, ikipokea kila badiliko kupitia mtandao, ili moto ukizuka huku, kule pasalie kitu. Fedha za kuajiri mtaalamu wa kuilinda mitambo hazikuwapo. Basi nilitunga kijiprogramu cha kuiuliza seva: nakala ya Faza imebaki nyuma kiasi gani? Jibu likiwa sufuri, mambo ni shwari.

Mwaka 2018 tuliliacha toleo la 9.6, tukahamia la 10 lililotoka Oktoba 2017, na nakala ya Faza ikajengwa upya. Ripoti yangu iliendelea kuandika sufuri. Kumbe swali langu lilitumia majina yenye neno xlog, nao watunzi wa toleo la 10 walikuwa wamelibadili neno hilo kuwa wal. Seva ililikataa swali; programu yangu ikapokea nafasi tupu, ikaiandika sufuri. Siku chache baadaye mawasiliano na Faza yalikatika, na kwa kuwa hakuna aliyekuwa akiifungua nakala ile, hakuna aliyejua. Seva ya Lamu, iliyoamriwa isitupe badiliko lolote ambalo Faza haijalipokea, iliyarundika hadi diski ikajaa, ikazima. Wazazi waliosafiri kutoka Siyu na Kizingitini kuulizia karo walirudi mikono mitupu. Na lau diski ile ingeharibika siku hiyo, alama za wiki tatu zingetoweka zisionekane tena.

Wapo walioniambia kwamba lawama ni ya watunzi wa PostgreSQL: kwa nini wabadili jina lililozoeleka? La hasha. Folda iliyoitwa pg_xlog ilidhaniwa kuwa shajara za kawaida za mtambo, na watu waliojaliwa na diski walikuwa wakiifuta kama takataka, kumbe wanakata mshipa wa hifadhidata yao. Ndiyo sababu ikaitwa pg_wal. Siku ya msiba wetu, mwenzangu mmoja alishauri tufute kilichojaa, chochote kile, ili seva iamke. Lile jina geni lilimfanya asite na kuniuliza kwanza. Badiliko lililoipofusha programu yangu ndilo lililoziokoa data zetu.

Wala halikuwa badiliko la kwanza. Mwaka 2012, katika toleo la 9.2, safu ya procpid iligeuka pid. Mwaka 2016 safu ya waiting iliondolewa. Mwaka 2020, katika toleo la 13, total_time iligawanywa ili muda wa kupanga swali utengwe na muda wa kulitekeleza. Kung'ang'ania toleo la kale nako si kimbilio, kwani kila toleo kuu huhudumiwa kwa miaka 5 tu, kisha marekebisho ya usalama hukoma.

Nilipokwenda Faza kuijenga nakala upya, nahodha alitukalisha gatini hadi maji yakajaa, maana Mkanda, ule mkondo mwembamba kati ya Manda na bara, haupitiki vyema maji yakipwa. Abiria walinung'unika; yeye alitazama maji tu. Programu yangu haikuwahi kutazama maji.

Niliifunza basi kuiuliza seva toleo lake kabla ya neno lolote jingine, kisha ichague swali linalofaa. Hata hapo nilijikwaa: nililinganisha matoleo kama maandishi, na kwa maandishi 10 hutangulia 9.6, kwa kuwa moja huja kabla ya tisa. Dawa ilikuwa server_version_num, namba kamili ambayo seva huitoa yenyewe. Tena nilifuta ule mstari uliogeuza utupu kuwa sufuri. Toleo lisipofahamika, programu hunyamazisha vipimo vyote na kupiga kelele.

Wako wanaosema tutumie zana zilizo tayari. Kwa vipimo vya kawaida nakubali. Lakini maswali ya taasisi yenyewe hutungwa na wenyewe, na hapo darasani ndipo penye kasoro: twasahihisha programu kwa majibu yake yote yakiwa mema. Mwalimu mwenzangu, siku ya kusahihisha chomoa waya, uone mwanafunzi atapewa sufuri au ataambiwa ukweli.

Mwishoni mwa mwaka 2024 nilijaribu toleo la 17 katika kompyuta ya akiba. Vipimo kadhaa vya pg_stat_bgwriter vilikuwa vimehamishiwa pg_stat_checkpointer. Programu iliandika mstari mmoja: toleo hili silijui, sijapima kitu. Kuifunza kulinichukua jioni moja.