Taa imehifadhiwa, ufundi je?

Wanaosifu juhudi za kuhifadhi mabango ya neoni ya Hong Kong wana haki ya kusifu, lakini naona wamefika nusu ya safari. Mji huo, ambao kwa miongo mingi barabara zake zilimetameta usiku kwa maandishi mekundu na ya samawati, umepoteza mengi ya mabango hayo tangu sheria za usalama wa majengo zilipokazwa. Mwaka 2015 liliteremshwa bango mashuhuri la ng'ombe lililokuwa la mkahawa wa Sammy's Kitchen. Jumba la makumbusho la M+ likamchukua ng'ombe huyo, na huenda mtu akadhani kwamba mambo yamekwisha.

Hayajakwisha. Kilichohifadhiwa ni kazi, si ujuzi. Mfaransa Georges Claude aliionyesha taa ya neoni mjini Paris mwaka 1910, na hadi leo mrija wake hupindwa kwa mkono. Fundi huushika mrija wa kioo juu ya ndimi za moto wa gesi mpaka ulegee. Hapo ana sekunde chache tu za kuupinda kufuata mchoro uliochorwa kinyume, huku akipuliza pumzi kupitia mpira mwembamba alioubana kinywani ili mrija usibonyee. Akikawia, kioo kimekwisha kuwa kigumu. Baadaye hewa hufyonzwa itoke, umeme mkali huchoma uchafu uliosalia, ndipo gesi hutiwa: neoni yenyewe kwa rangi nyekundu, agoni na tone la zebaki kwa samawati.

Mwanafunzi aweza kuyasoma hayo yote kwa dakika tano. Lakini pumzi ipulizwe kiasi gani? Hilo hujulikana kwa kukaa miaka kando ya fundi na kuvunja mirija mingi.

Wapo wasemao kwamba taa za LED ni nafuu, hazivunjiki ovyo na hazili umeme mwingi. Hawakosei, na mwenye duka hawezi kulaumiwa kwa kuzichagua. Hata hivyo, mafundi wa neoni waliosalia Hong Kong ni wachache, wengi wao wazee, na fundi asiye na wateja atamlishaje mwanagenzi? Siku mrija wa ng'ombe wa makumbusho utakapopasuka, ataitwa nani?

Ningekuwa na sauti katika jumba kama hilo, ningeomba sehemu ya fedha za kununulia mabango ya kale itengwe kila mwaka kuagizia bango jipya, kwa sharti kwamba fundi alitengeneze akiwa na mwanagenzi kando yake.